Robo ya Mzunguko

Kopo lilikuwa la aiskrimu, la lita mbili,
na baba alilitia alama kwa kalamu ya risasi:
mstari wa Jumatatu, mstari wa Jumanne,
Jumatano ukapanda kidole kizima
kwa sababu baridi ilishuka kutoka mlima Moelwyn
na boila likaunguruma usiku kucha.

Haba na haba, mnajua inavyosemwa.
Kibaba chetu kilikaa nyuma ya kochi, chini ya radieta,
pale bomba la shaba, jembamba kuliko kidole cha mwisho,
linapoingia kwenye kiungo, na nati imeota ukungu wa kijani.

"Kaza," alisema baba kutoka kitini.
Ndilo neno lake. Miaka thelathini na mmoja machimboni Ffestiniog
akipasua mawe ya kuezekea,
neno la pili sijalisikia.
"Kaza, Mererid. Kaza mpaka ilie."

Sikukaza.
Nilizima boila, nikasubiri shaba ipoe,
nikamwaga maji ya radieta kwenye karai, meusi,
yananuka kama sarafu iliyokaa mdomoni.
Kisha spana mbili:
moja ishike kiungo kisijipinde,
moja ifungue.

Nati ikatoka na historia yake.
Ndani, pete. Pete ndogo ya shaba ya njano
inayopaswa kuuma bomba kiasi tu,
kama jino linavyobana uzi kabla ya sindano.
Hii ilikuwa imezama. Bomba limebonyea kiunoni,
duara limekuwa yai,
na maji hayahitaji mlango,
yanahitaji upana wa unywele.

Nikaona kila Novemba humo:
baba amepiga magoti na spana ndefu ya gari,
tone moja, akakaza; la pili, akakaza,
na kila alipokaza alikuwa akiliumba la tatu.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, kweli,
lakini wahenga hawakusema ufa uzibwe kwa nyundo.

Msumeno haukufika huko nyuma,
nikatumia kikataji kidogo cha kuzungusha,
kinacholia kwi, kwi, kama panya mstaarabu.
Nikalainisha mdomo wa bomba kwa msasa.
Nikavisha pete mpya, na nati iko mezani!
Nikaanza upya, nikatukana kwa Kiwelisi
na baba akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.
Nati, kisha pete,
kisha bomba liingie mpaka ligote.
Kwa mkono hadi igome. Kwa spana,
robo, robo, robo. Basi.

"Umeiacha legevu," akasema.
Nikafungua maji, nikazungushia tishu.
Tishu ikapata doa, ukubwa wa punje ya mtama.
Baba akanitazama. Sikumtazama.
Robo ya mzunguko. Tishu nyingine.
Tukangoja nusu saa, watu wazima wawili
tukikodolea karatasi ya chooni
kama matokeo ya uchaguzi.
Kavu.

Usiku, saa nane, nikasikia ndara zake ngazini.
Tangu mama aondoke amekuwa akishuka saa hizo
kumwaga kopo. Nilidhani ni usumbufu.
Nilisimama gizani mlangoni.
Alivuta kochi, akachungulia,
akalitikisa kopo karibu na sikio,
lile lenye mistari ya siku saba, tupu.

Akalirudisha palepale,
akalisogeza kidogo, liwe sawasawa chini ya nati,
kisha akakaa sakafuni,
mkono juu ya radieta,
na radieta ilikuwa ya moto, juu mpaka chini.